Michael Faraday: Fundi wa kujalidi vitabu aliyetuachia hesabu ya kusafisha majitaka

Leo nakuletea stori ya jamaa ambaye pengine ulikutana na jina lake kwenye kitabu cha fizikia, ukalikariri kwa sababu ya mtihani, halafu ukalisahau jioni hiyo hiyo. Michael Faraday. Ukiulizwa utasema ni yule wa sumaku na waya, aliyefanya jenereta ziwezekane. Uko sahihi. Lakini kuna upande mwingine wa maisha yake ambao shuleni hatuguswi nao sana, na unatuhusu sisi tunaoishi mijini, kando ya mito yenye rangi ya chai iliyolala.

Jamaa huyu mmoja alifanya mambo matatu. Aligundua benzini, kemikali ambayo leo ni kati ya sumu zinazowasumbua wanaosafisha majitaka ya viwandani. (Usiichanganye na petroli, ingawa petroli ina benzini ndani yake.) Pili, alipata kanuni inayokwambia unahitaji umeme kiasi gani ili ubadilishe kemikali fulani iwe kitu kingine. Tatu, akiwa mtu mzima wa miaka 63, alipanda boti kwenye mto wa jiji lake, akaona ulivyooza, akapaza sauti gazetini. Mambo hayo matatu yeye mwenyewe hakuyaunganisha. Waliounganisha ni wengine waliokuja nyuma yake, na kazi yenyewe bado inaendelea. Twende pole pole.

MTOTO WA MHUNZI

Faraday alizaliwa Septemba 22, 1791, Newington, sehemu iliyo kusini mwa Mto Thames ambayo siku hizi imemezwa na London. Baba yake, James, alikuwa mhunzi, lakini afya yake ilikuwa mbovu na siku nyingi hakuweza kufanya kazi. Nyumbani kulikuwa na watoto wanne. Mwaka 1801 bei ya chakula ilipanda vibaya Uingereza, na inasimuliwa kwamba Michael, akiwa na miaka tisa, alikuwa akipewa mkate mmoja na kuambiwa huo ni wa wiki nzima. Ebu fikiria. Mkate mmoja, siku saba.

Shule alipata ile ya msingi kabisa: kusoma, kuandika na hesabu kidogo. Hakuna chuo, hakuna cheti. Hata aljebra ngumu hakuwahi kuishika vizuri hadi anakufa. Kumbuka jambo hilo, maana kule mbele utamkuta akitoa kanuni za hesabu ambazo dunia nzima inazitumia.

Akiwa na miaka 13 alipata kibarua kwa George Riebau, mwenye duka la vitabu mtaa wa Blandford. Siku hizo gazeti lilikuwa ghali, kwa hiyo watu walilikodisha. Kazi ya Michael ilikuwa kulipeleka nyumba hii, kulichukua likishasomwa, kulipeleka nyumba nyingine. Mwaka uliofuata, 1805, Riebau alimchukua awe mwanagenzi wa kujalidi vitabu kwa miaka saba, na hakumtoza ada kwa sababu alikuwa ameshamwona ni kijana mwaminifu.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Kitabu kilikuja karakana kikiwa kurasa tupu, yeye akazishona na kuzivisha jalada. Lakini kabla ya kukirudisha kwa mwenyewe, alikisoma. Siku moja akakutana na makala ya umeme kwenye ensaiklopidia ya Britannica. Siku nyingine akakutana na kitabu cha kemia cha Jane Marcet, mama aliyeandika sayansi kwa njia ya mazungumzo kati ya mwalimu na wanafunzi wawili wa kike. Michael hakuridhika kusoma tu. Kila jaribio aliloweza kulimudu kwa senti zake alilifanya mwenyewe, aone kama kitabu kinasema kweli.

Kaka yake Robert, ambaye naye alikuwa mhunzi, alimpa shilingi za kuingilia mihadhara ya jioni ya sayansi. Shilingi moja kila mhadhara. Ukiwa na kaka kama huyo, mshukuru.

BETRI YA SARAFU

Mwaka 1812, Faraday akiwa na miaka 20, alitengeneza betri yake ya kwanza. Alikata vipande saba vya zinki vyenye ukubwa wa sarafu ya nusu peni. Akavipanga na sarafu saba za shaba, na katikati akaweka karatasi zilizolowekwa maji ya chumvi. Kwisha. Betri hiyo ndogo ilitoa umeme wa kutosha kuvunja chumvi ya magnesiamu iliyoyeyushwa ndani ya maji. Alifurahi kama mtoto, akamwandikia rafiki yake barua ndefu kumweleza.

Simama hapo kidogo. Alichofanya kijana huyo kwa sarafu za mfukoni ndicho kinachofanyika leo kwenye mitambo ya kusafisha majitaka kwa umeme: unaweka vipande viwili vya kitu kinachopitisha umeme ndani ya maji, unapitisha mkondo, na kilichoyeyuka ndani ya maji kinalazimika kubadilika. Tofauti ni ukubwa wa mtambo na aina ya uchafu.

Mwaka huo huo mteja mmoja wa Riebau, William Dance, alimpa tiketi za kumsikiliza Humphry Davy, mwanakemia aliyekuwa staa wa London wakati huo, kwenye taasisi iitwayo Royal Institution. Faraday alihudhuria mihadhara minne. Aliandika kila kitu, akachora vifaa, kisha akafanya kile alichokijua vizuri kuliko mtu mwingine yeyote mle ukumbini: alijalidi maandishi yake yakawa kitabu cha kurasa karibu 300, akamtumia Davy.

Usidhani ilikuwa rahisi. Kabla ya hapo alikuwa ameshamwandikia mkuu wa chama cha wanasayansi, Royal Society, akiomba kazi yoyote hata ya chini kabisa. Hakujibiwa. Nadhani wewe unayetuma maombi ya kazi kila wiki unaijua hali hiyo. Davy naye mwanzoni hakuwa na nafasi. Lakini mapema 1813 msaidizi wa maabara alifutwa kwa kupigana, na Davy akamkumbuka yule kijana wa kitabu. Machi 1, 1813 Faraday aliajiriwa kwa shilingi 25 kwa wiki, pamoja na vyumba viwili juu kabisa ya jengo, makaa ya moto na mishumaa.

Mwaka huo huo Davy alisafiri naye Ulaya kwa miezi 18 hivi. Faraday alikutana na wakubwa kama Ampère na Volta, lakini mke wa Davy alimfanya mtumishi. Vijana wengi wangerudi nyumbani. Yeye alikaza, akajifunza.

ALIPOIPATA BENZINI

Turuke hadi 1825. London ilikuwa inaangaza nyumba kwa gesi. Kuna kampuni iliyotengeneza gesi kwa kupasha moto mafuta ya nyangumi na samaki, ikaishindilia kwenye mitungi na kuipeleka kwa wateja, kama tunavyoletewa mitungi ya kupikia leo. Shida ni kwamba chini ya mitungi kulibaki majimaji fulani ya mafuta. Wakampelekea Faraday ayachunguze.

Aliyachemsha, akakusanya mvuke wake kidogo kidogo kwa joto tofauti, kisha akaugandisha kwenye barafu. Akapata kitu safi, kisicho na rangi, kinachochemka kwenye nyuzijoto kama 80 na kuganda kwenye nyuzijoto kama 5. Kilikuwa ni kaboni na haidrojeni peke yake. Juni 1825 akawatangazia wanasayansi. Hiyo ndiyo tunayoiita benzini.

Wakati huo ilionekana kama kitu cha ajabu tu cha maabara. Lakini mwaka 1856, London hiyo hiyo, kijana wa miaka 18 aitwaye William Perkin alitengeneza rangi ya zambarau ya nguo kutokana na kemikali za lami ya makaa ya mawe, ukoo mmoja na benzini. Baada ya hapo viwanda vya rangi vilichipuka Ulaya kama uyoga baada ya mvua. Leo kuna rangi za nguo, dawa, plastiki, gundi na dawa za wadudu ambazo mzizi wake ni ile pete ya kaboni sita iliyo kwenye benzini.

Na pete hiyo ni ngumu kuvunjika. Hapo ndipo noma inapoanza. Uchafu wa choo na wa jikoni, bakteria huula wakaumaliza ukiwapa muda na hewa. Lakini rangi nyingi za nguo na jamaa wengine wa benzini huwashinda bakteria, au huwaua kabisa. Maji yanatoka kiwandani yakiwa na rangi na sumu, yanapita mabwawa ya kusafishia, yanaingia mtoni bado yana rangi na sumu. Benzini yenyewe inajulikana wazi kwamba husababisha saratani ya damu.

KANUNI MBILI

Kufikia mwaka 1830 hivi Faraday alikuwa akipata hela nzuri kwa kuwapimia watu wa viwanda kemikali zao. Angeweza kuwa tajiri. Aliamua kupunguza kazi hizo karibu zote ili apate muda wa utafiti. Agosti 29, 1831 akagundua kwamba sumaku inaweza kuzalisha umeme kwenye waya, ile habari unayoijua. Kisha akarudi kwenye swali la ujana wake, lile la betri ya sarafu: umeme unapopita ndani ya maji yenye kitu kilichoyeyuka, ni kipi hasa kinachotokea, na ni kwa kiasi gani?

Wakati huo wengi waliamini kwamba zile nguzo mbili zinazotumbukizwa majini huvuta vitu kwa mbali, kama sumaku. Faraday alipima badala ya kubishana. Alibadilisha ukubwa wa vipande vya chuma. Alibadilisha ukali wa asidi. Alipanga vyombo kadhaa kwenye mkondo mmoja wa umeme na kupima gesi iliyotoka kila chombo. Jibu likawa lile lile: kiasi cha kitu kinachobadilika kinafuata kiasi cha umeme uliopita, basi. Ukipitisha umeme mara mbili, unapata mara mbili. Hiyo ni kanuni ya kwanza. Ya pili inasema kwamba umeme ule ule ukipita kwenye vitu tofauti, kila kitu hubadilika kwa uzito unaolingana na kipimo chake cha kikemia. Alizitangaza mwaka 1833 na 1834.

Maneno ya zamani hayakumtosha, kwa hiyo alimwomba William Whewell, msomi wa Cambridge, amsaidie kutafuta mapya kutoka Kigiriki. Ndiyo maana leo tunasema elektrodi, anodi, kathodi, ioni. Yule mtoto wa mhunzi asiye na digrii ndiye aliyeipa taaluma nzima msamiati wake. Na kumbuka, elektroni yenyewe ilikuja kujulikana mwaka 1897. Faraday alihesabu kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiona.

KADI NYEUPE MTONI

Sasa tuingie kwenye boti. Ni Julai 7, 1855, mchana. Faraday anasafiri kwa boti ya mvuke kwenye Mto Thames katikati ya London. Jiji limefurika watu, vyoo vya kuvuta maji vimeongezeka, na mifereji yote inamwaga mtoni. Viwanda navyo vinamwaga. Miaka ya 1853 na 1854 kipindupindu kilikuwa kimeua zaidi ya watu 10,000 jijini humo.

Maji yalikuwa ya kahawia na hayapitishi mwanga. Faraday hakuwa na maabara ndani ya boti, kwa hiyo alitumia alichokuwa nacho. Alirarua kadi nyeupe vipande vipande, akavilowesha ili vizame haraka, na kila gati boti ilipofika alitupa vipande kadhaa. Jua lilikuwa likiwaka, lakini kipande kilipozama inchi moja tu, hukioni tena. Kikizama kwa ubavu, sehemu ya chini ilipotea kabla ya juu kugusa maji. Karibu na madaraja uchafu ulibingirika kama mawingu.

Aliporudi aliliandikia gazeti la The Times. Hakutukana mtu. Alieleza alichokifanya na alichokiona, na akaonya kwamba wakipuuza, msimu mmoja wa joto utakuja kuwaaibisha. Gazeti la vibonzo la Punch lilimchora akimkabidhi kadi mzee mchafu anayetoka majini, yaani Thames mwenyewe. Watu walicheka. Hakuna kikubwa kilichofanyika.

Miaka mitatu baadaye, kiangazi cha 1858, joto lilipanda na mto ukanuka hadi wabunge wakashindwa kukaa. Jengo la Bunge liko ukingoni mwa Thames. Mapazia yalilowekwa dawa ya klorini na chokaa, haikusaidia. Ndani ya wiki chache sheria ilipitishwa na pesa zikapatikana. Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikubwa ya kubeba majitaka hadi nje ya jiji. Ona hapo: ushahidi wa kadi ulikuwepo tangu 1855, lakini hela zilitoka pale harufu ilipoingia Bungeni.

Faraday hakuishi sana baada ya hapo. Kumbukumbu yake ilikuwa imeanza kumtoka tangu mwisho wa miaka ya 1830, na uzeeni hali ilizidi. Alikataa kuwa rais wa Royal Society, kile chama ambacho mkuu wake wa zamani hakumjibu barua. Alipewa na Malkia Victoria nyumba ya kuishi Hampton Court, na huko ndiko alikofia Agosti 25, 1867, akiwa na mkewe Sarah waliyeoana 1821. Alizikwa makaburi ya Highgate, chini ya jiwe la kawaida, kama alivyotaka.

KANUNI ILIPOKUTANA NA MTO

Mwishoni mwa miaka ya 1880, miaka 20 hivi baada ya kifo chake, William Webster alifanya jambo kwenye kituo cha majitaka cha Crossness, London, kimoja cha vile vya Bazalgette. Alipitisha majitaka katikati ya bamba za chuma zenye umeme. Chuma cha anodi kiliyeyuka taratibu, kikatengeneza mabonge mepesi yanayokamata uchafu, nao ukajitenga na maji. Njia hiyo bado inatumika leo viwandani, kwa chuma au alumini. Lakini London haikuichukua. Umeme ulikuwa ghali.

Neno hilo, ghali, ndilo litakalokufuata ukiingia kwenye mambo haya. Na hapa ndipo kanuni ya Faraday inapokuwa silaha, kwa sababu inakuwezesha kuuliza: ghali kiasi gani?

Tuchukue benzini yake mwenyewe. Ukitaka kuivunja kabisa kwenye anodi hadi ibaki kaboni dayoksaidi, kila molekuli inabidi ipoteze elektroni 30. Ukipiga hesabu kwa kanuni ya Faraday, gramu moja ya benzini inataka mkondo wa ampea 10 kwa saa moja na dakika kama mbili. Ukitumia volti 5, kilo moja itakula kama yuniti 51 za umeme, zile zile unazonunua kwa tokeni. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa kwa volti hizo, endapo hakuna elektroni hata moja iliyopotea.

Shida ni kwamba zinapotea. Fikiria lori la viazi limefika sokoni na umeajiri wabebaji kumi. Magunia yakiwa mia, wote wanachapa kazi. Yakibaki mawili, wanane wamesimama na bado unawalipa. Umeme uko hivyo hivyo. Mwanzoni uchafu ni mwingi na kila elektroni ina kazi. Uchafu ukipungua, umeme wa ziada unahamia kwenye maji yenyewe na kutoa mapovu ya oksijeni. Mtambo unachemka vizuri machoni, kumbe unachoma pesa. Ndiyo maana wahandisi wajanja hupunguza mkondo kadiri maji yanavyosafika, badala ya kuuacha juu tangu mwanzo hadi mwisho.

Kuna mengine ya kurekebisha. Maji yasiyo na chumvi hupitisha umeme kwa shida, kwa hiyo volti hupanda na bili nayo. Ukiongeza chumvi ya mezani, umeme unapita vizuri, na klorini inayozaliwa kwenye anodi inasaidia kushambulia uchafu. Lakini klorini hiyo hiyo inaweza kuungana na mabaki ya uchafu ikazaa kemikali mbaya kuliko ile uliyoanza nayo. Rangi imetoweka, umepiga picha, umefurahi, kumbe umebadilisha sumu kwa sumu. Usipopima kilichobaki, hujasafisha kitu.

Halafu kuna elektrodi zenyewe. Za grafiti ni rahisi lakini zinaliwa. Za almasi ya maabara iliyochanganywa boroni zina nguvu ya kuvunja karibu kila kitu, ila bei yake si mchezo. Ukizisogeza elektrodi karibu, unaokoa volti, lakini uchafu unaweza kukwama katikati. Uchachu wa maji nao una sehemu yake. Ndiyo maana mara nyingi inafaa kuwaachia bakteria uchafu wanaouweza, halafu umeme uitwe kwa ule sugu tu. Hakuna namba moja ya kufaa kila kiwanda. Inabidi upime maji yako.

Sasa uniambie haya yanakuhusu vipi wewe unayesoma ukiwa kwenye matatu. Mto Ngong unapita kando ya eneo la viwanda la Nairobi, unaingia Mto Nairobi, unaungana na Athi, na maji hayo yanaishia Bahari ya Hindi kupitia Sabaki, karibu na Malindi. Kinachomwagwa usiku huku kinakunywewa na ng'ombe na kumwagilia sukuma wiki kule. Sheria ya Kenya inamtaka mwenye kiwanda awe na leseni ya kumwaga majitaka na ayafikishe kwenye viwango kwanza. Kwa hiyo unaposikia mtu akisema kusafisha haiwezekani, ni ghali mno, usikubali neno tupu. Muulize namba. Maji yaliingia na uchafu kiasi gani, yakatoka na kiasi gani, umeme ulikuwa ampea ngapi kwa saa ngapi, na kati ya hizo ni ngapi zilizofanya kazi na ngapi zilizopotea kwenye mapovu. Asiyeweza kukujibu hajajaribu.

Mimi niliacha chuo karo iliponishinda, na sitakudanganya kwamba vyeti havina maana. Faraday mwenyewe alihitaji maabara, alihitaji Davy, alihitaji kaka wa kumlipia shilingi. Lakini angalia vifaa vyake: sarafu saba, karatasi yenye maji ya chumvi, kadi iliyoraruliwa. Alianza na kilichokuwa mfukoni, akapima, akaandika alichokiona bila kuongeza chumvi. Kama unasoma kemia au uhandisi mahali na unatafuta mradi wa mwisho wa kozi, chupa ya maji ya mto, betri na vipande viwili vya chuma ni mwanzo halali kabisa. Fanyia mahali penye hewa, vaa glavu, na usitie chumvi ukiwa umejifungia chumbani, maana klorini si marafiki na mapafu. Kisha andika namba zako. Namba hizo ndizo utakazowawekea mezani siku ya kuulizana kuhusu mto.